Nyasi Hazinywi Chai

Umeme ulikatika saa nane za usiku na pampu ikanyamaza. Mimi nimelala, sina habari. Asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma nilikutana na harufu kabla sijaiona ndoo, harufu ya mtaro uliokosa mvua mwezi mzima. Mzee anayenisaidia bustani alikuwa ameshafika. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye ndoo, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia msibani na bado hajaambiwa ni nani aliyefariki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii chai yenu imechacha."

Chai yenyewe, chai ya mboji ya kumwagia nyasi, ilikuwa maji lita 20, mboji kilo 2 ndani ya soksi ndefu ya shule, vijiko viwili vya molasi kutoka duka la vyakula vya mifugo, na pampu ndogo ya tangi la samaki iliyotakiwa kupuliza hewa saa 24 bila kupumzika. Maji ya bomba nilikuwa nimeyaacha yalale ndooni usiku mmoja ili klorini itoke, kwa sababu klorini inaua vijidudu, na vijidudu ndio waliokuwa wanapikwa. Nilifuata maelekezo kama mtu aliyekabidhiwa sufuria la pilau ya harusi. Umeme ukakata, hewa ikakoma, wale wanaotaka hewa wakafa na kuwaachia ndoo wale wasioihitaji.

Hiyo ilikuwa ndoo ya nne. Tatu za mwanzo zilitoka salama, zikanukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza, nami nikazimwaga kwenye nyasi za mbele ya nyumba yangu hapa Arusha kwa imani ya mtu aliyeokoka juzi. Leo, baada ya msimu mzima wa kupika, kusoma na kupima, naona chai ya mboji kwenye bustani ya nyasi inapewa sifa isiyo yake. Sifa ile ni ya mboji, ya uma wa bustani, na ya mtu anayeshika mashine ya kukata nyasi. Chai imedandia lori la wenzake, na ilipofika sokoni ikashuka ya kwanza na kupokewa kwa vigelegele.

Kwanza tutenganishe chai na chai. Mkulima wa mchicha au sukuma wiki anaijua chai ya samadi tangu zamani: gunia la samadi linaning'inizwa ndani ya pipa la maji, linakorogwa kwa mti kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili au tatu yale maji meusi yanachanganywa na maji mengine na kumwagiwa shinani. Wengine hutumia majani ya alizeti mwitu, yale maua ya njano yanayojaa kando ya barabara za nyanda za juu. Majani yale yakikaushwa yana naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, ya kama asilimia 3.5, kiasi kikubwa kwa mmea unaoota bure. Ukiyaloweka, unapata chakula cha mmea kweli kweli, na mchicha utakuonyesha ndani ya siku chache.

Chai ya mboji inayopulizwa hewa, hii iliyotufikia kutoka Marekani, ina nia nyingine. Haikusudii hasa kulisha mmea. Inakusudia kuzalisha bakteria, kuvu na jamaa zao kwa wingi ndani ya ndoo, kisha kuwahamishia kwenye udongo wakafanye kazi: wavunje mabaki, waachie virutubisho, wawafukuze wenzao wanaoleta magonjwa. Molasi ni ugali wao, pampu ni mapafu yao. Inapoiva inatakiwa itumike ndani ya saa chache, kwa kuwa pampu ikizimwa tu hewa iliyomo majini inaliwa na kwisha. Aliyelieneza wazo hili kuliko mtu yeyote ni Elaine Ingham, mtaalamu wa vijidudu vya udongo aliyefanya kazi Oregon, na wanafunzi wake wameipeleka ndoo hiyo kila kona ya dunia.

Wazo ni zuri. Udongo kweli ni kijiji chenye watu wengi, na mbolea za viwandani zikitumiwa ovyo kijiji kinadhoofika. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza pale ndoo inapoambiwa kwamba yenyewe peke yake inaweza kukifufua kijiji.

Kisa ambacho wapenzi wa chai hii hawaachi kukisimulia ni cha Chuo Kikuu cha Harvard, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 2008 walitenga ekari moja ndani ya Harvard Yard, ule uwanja mkongwe wenye miti mirefu, wakaachana na mbolea za viwandani na viuatilifu. Mshauri wao alikuwa Eric Fleisher, aliyekuwa mkuu wa bustani za Battery Park City, mtaa wa Manhattan uliojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa kwenye mto Hudson. Mtu aliyeotesha nyasi juu ya kifusi ana haki ya kusikilizwa. Ekari ile ilipendeza kuliko jirani zake, na mpango ukapanuliwa hadi ekari kama 80 za chuo. Walitangaza kwamba maji ya kumwagilia yalipungua kwa asilimia 30, yaani galoni milioni 2 kwa mwaka, zaidi ya lita milioni 7.5. Tena chuo kilikuwa kinalipa dola 35,000 kila mwaka ili kisombewe majani na matawi yake yakatupwe. Sasa kikayageuza kuwa mboji yake mwenyewe.

Takwimu hizo ni za kuvutia, na sina sababu ya kuzibishia. Lakini tazama ni mangapi yalibadilishwa kwa wakati mmoja. Mboji ilitandazwa. Udongo ulioshindiliwa na miguu ya vizazi vya wanafunzi ulizibuliwa ukapata hewa. Vipande vya nyasi vilivyokatwa viliachwa vilale palepale badala ya kubebwa. Umwagiliaji ulipunguzwa, na mizizi ilipokosa maji ya juujuu ikateremka chini kuyafuata. Na, ndiyo, chai ilipuliziwa. Ukimpa mgonjwa dawa nne na chakula cha kutosha na usingizi, kisha akapona, utajuaje kwamba aliyemponya ni kile kikombe cha chai alichopewa jioni? Ekari ya Harvard imethibitisha kwamba uwanja unaokanyagwa na maelfu ya watu siku ya mahafali unaweza kutunzwa bila kemikali. Hilo ni jambo kubwa. Nguvu ya chai ni swali jingine, na ekari ile haikutengwa ili kulijibu.

Tufanye hesabu, maana chai hii inauzwa kwa hadithi na ni nadra kukuta mtu ameweka tarakimu mezani.

Chukua bustani ya nyasi ya mita 100 za mraba, mbele ya nyumba ya kawaida. Nyasi hizo zinahitaji naitrojeni ya kilo 1 hadi 2 kwa mwaka ili ziwe za kijani na nene. Sasa chukua ndoo yangu: mboji kilo 2. Mboji nzuri ina naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake mkavu. Tuwe wakarimu, tuseme asilimia 1.5, tena tujifanye kwamba mboji yangu ilikuwa kavu kabisa na naitrojeni yote ikaingia majini, jambo ambalo halitokei kwa sababu sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya mabaki magumu na inabaki kwenye soksi. Tunapata gramu 30. Gramu hizo ni sawa na konzi moja ya urea. Ili utimize hata kilo 1 ungehitaji kupika ndoo zaidi ya 30 kwa mwaka, na hiyo ni kwa hesabu ya ukarimu uliopindukia.

Sasa acha kupika, itandaze mboji yenyewe. Unene wa nusu sentimita juu ya mita 100 za mraba ni nusu ya mita ya ujazo, toroli saba hivi, uzito wa kama kilo 300. Toa maji, tuseme asilimia 40, unabaki na kilo 180 kavu, na ndani yake naitrojeni ya kilo 2.7. Hiyo ni sawa na ndoo 90 za chai. Haitoki yote mwaka wa kwanza. Inatoka kidogo kidogo, kila udongo unapopata joto na unyevu. Lakini ipo, inakaa, na pamoja nayo yanakuja mabaki yanayoshika maji, yanayowalisha nyungunyungu, yanayofanya udongo uwe laini. Chai haina mabaki hayo. Yamebaki ndani ya soksi, na watu wengi wakishamaliza kupika wanaitupa soksi. Mimi mwenyewe niliitupa mara mbili kabla mzee hajaniuliza kwa upole kama huwa nakunywa supu na kutupa nyama.

Mpenzi wa chai atanijibu kwamba nimepima kitu kisichohusika: yeye haleti chakula, analeta wafanyakazi. Sawa, tuwahesabu wafanyakazi. Gramu moja ya udongo wenye afya hubeba bakteria wanaofika bilioni 1. Sentimita 10 za juu za udongo kwenye mita moja ya mraba zina uzito wa kilo 130 hivi. Zidisha, unapata wenyeji trilioni 130 katika mita moja tu. Tuseme ndoo yangu imeiva vizuri mno, kila mililita ina bakteria bilioni 1. Lita 20 zikigawanywa kwenye mita 100 za mraba, kila mita inapata wageni bilioni 200. Mgeni mmoja kwa wenyeji 650.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwenye udongo hakuna anayekupa jembe. Wageni hawa wamelelewa kwenye maji yenye sukari na hewa tele. Wanashushwa mahali penye giza, penye ukame, penye wenyeji waliokwishagawana kila punje ya chakula na protozoa, vijidudu wakubwa zaidi wanaokula bakteria, wanaosubiri kuwala. Kama udongo hauna kitu cha kuliwa, wageni watakufa kama walivyokufa wengi wa wenyeji kabla yao. Na kama udongo una chakula, wale wenyeji wachache waliobaki watazaliana wenyewe bila kuitiwa msaada kutoka kwenye ndoo. Sioni kona ambayo hoja ya wafanyakazi inaweza kutokea hapo, isipokuwa kwenye udongo uliochomwa kwa dawa au kifusi kitupu kisichowahi kuwa na uhai. Huko nakubali kujaribu, tena huko nako ningeanza na mboji.

Suala la magonjwa ni gumu zaidi na sitaki kulirahisisha. Mwaka 2002 Steven Scheuerell na Walter Mahaffee, watafiti wa Oregon, walipitia yaliyokuwa yameandikwa kuhusu chai ya mboji na magonjwa ya mimea. Picha inayotoka kwenye kazi za namna hiyo haina rangi moja: hapa ukungu umepungua, pale haukutikisika, na chai iliyofanya kazi wiki hii inaweza ikashindwa wiki ijayo kwa sababu mboji haikuwa ileile. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mwiba kwa wauzaji wa miujiza ya bustani, anasema ushahidi hautoshi kuipendekeza. Mimi namwelewa. Dawa ambayo nguvu yake inategemea bahati ya pipa haiwezi kuandikiwa kipimo, na mwenye bustani hana maabara ya kulipima pipa.

Lipo pia jambo la molasi, ambalo wapishi wengi wanalipita kama hawalioni. Molasi haichagui wa kumlisha. Ikiwa mboji haikupata joto la kutosha, ikiwa ndani yake kuna samadi ya ng'ombe au ya kuku ambayo haijaiva, basi vijidudu vya kinyesi vinakaribishwa mezani pamoja na wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kadiri molasi ilivyoongezwa, ndivyo salmonela na ile E. koli mbaya walivyoweza kuzaliana upya ndani ya chai. Mwaka huohuo jopo la Bodi ya Taifa ya Viwango vya Kilimo Hai ya Marekani lilipendekeza chai iliyotiwa viongezeo vya namna hiyo ipimwe kabla ya kugusa mazao ya chakula, la sivyo ihesabiwe kama samadi mbichi, ambayo lazima ipite siku 90 au 120 kabla ya mavuno. Utasema nyasi hazivunwi. Ni kweli, lakini watoto wangu wanabingirika juu yake, wanadondosha embe na kuliokota, na yule mdogo bado yuko kwenye umri wa kuonja kila kitu. Ndoo ile ya nne niliimwaga mbali, chini ya mgomba, na nikanawa mikono mara mbili.

Kwa nini basi chai hii imeenea hivi? Sehemu ya jibu ni nzuri. Watu wamechoka na dawa. Mji mdogo wa Hudson huko Quebec ulipiga marufuku dawa za kupendezesha bustani mwaka 1991, kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaupa mji ushindi. Ontario, jimbo jingine la Kanada, ikafuata mwaka 2009. Jimbo la New York likazuia viuatilifu kwenye viwanja vya michezo vya shule kwa sheria ya mwaka 2010. Ufaransa iliziondoa kwenye bustani za umma kuanzia Januari 2017 na kwenye bustani za nyumbani Januari 2019. Mtu aliyenyang'anywa chupa yake ya dawa anatafuta chupa nyingine ya kushika. Na uwanja wenyewe si mdogo: mwaka 2005 Cristina Milesi na wenzake, wakitumia picha za setilaiti, walikadiria kwamba nyasi za mapambo Marekani zinafunika kama kilomita za mraba 163,800, karibu moja ya sita ya Tanzania nzima. Kwa soko la namna hiyo, kila mwamba ngoma atavutia ngozi kwake. Mboji ni nzito, ni chafu, inajaza lori na haina siri. Chai inaingia kwenye chupa, inapulizwa kwa bomba, inamalizika kwa nusu saa, na inaweza kuuzwa tena mwezi ujao.

Sehemu nyingine ya jibu nimeiona kwangu mwenyewe. Ule msimu wa kupika chai ndio msimu nilioitazama bustani yangu kuliko wakati wowote. Kila Jumamosi nilikuwa nje, nimeinama. Niliacha urea. Niligundua kwamba kisu cha mashine ni butu, kwamba kinachana nyasi badala ya kuzikata, ndiyo maana ncha zilikuwa zinageuka rangi ya majani makavu siku mbili baadaye. Niligundua mahali ambapo gari linakanyaga kila linapogeuzwa. Nyasi zilipopendeza, nikaishukuru ndoo. Sidhani kama niko peke yangu katika hilo.

Kwa hiyo mwanzoni mwa masika, mzee na mimi tulifunga kamba na kugawa kipande kimoja kilichochoka, pale watoto wanapochezea mpira, vipande vitatu vinavyolingana. Cha kwanza tulikipa chai kila baada ya wiki mbili. Cha pili tulikitoboa kwa uma wa bustani, meno yote ndani, tukitikisa kidogo na kuuchomoa, hatua kwa hatua, kisha tukatandaza mboji ya majani na maganda ya kahawa na kuisukuma kwenye matundu kwa reki. Cha tatu kilipata maji matupu kwa kiasi kilekile cha chai. Vyote vitatu tulivikata kwa kisu kilichonolewa, hatukuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na vipande tuliviacha hapohapo. Vipande hivyo pekee vinaweza kurudisha robo ya naitrojeni ambayo nyasi zinahitaji kwa mwaka, na kwa miaka yote nilikuwa namlipa mtu avikusanye kwenye magunia akavitupe.

Kipimo chetu kilikuwa bisibisi. Unaisimamisha juu ya udongo siku moja baada ya mvua, unaisukuma kwa mkono mmoja bila kuiegemea, unatazama imeingia kiasi gani. Baada ya miezi mitatu, kwenye kipande cha uma na mboji iliingia mpaka mpini ukagusa nyasi. Kwenye kipande cha chai iliishia vidole vitatu. Kwenye kipande cha maji matupu iliishia vidole vitatu. Mzee alirudia mara sita, akihamahama, akitafuta sehemu ya kuitetea chai, maana kufikia hapo alikuwa ameizoea na hakupenda kuona jasho lake limepotea. Hakuipata. Bustani moja ya mtu mmoja si maabara, na sidai hivyo. Mwenye kipande chake na kamba ajaribu mwenyewe, ili mradi asisahau kile kipande cha maji matupu. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye karibu kila ushuhuda wa chai niliowahi kusimuliwa. Mtu anamwaga chai na kuona nyasi zimeamka, anasahau kwamba amemwaga pia lita 20 za maji wakati wa jua kali.

Nina wasiwasi pia kuhusu chombo. Huku kwetu bomba la kupulizia la mgongoni ni moja, na linafanya kazi zote. Wiki hii limebeba dawa ya magugu, wiki ijayo linabeba chai. Jirani yangu mmoja alipulizia chai kwenye nyasi na kumalizia iliyobaki kwenye maua ya ukutani. Nyasi hazikuonyesha tofauti. Maua yalijikunja kama karatasi iliyopita karibu na moto, kwa kuwa dawa nyingi za magugu ya majani mapana haziwasumbui jamii ya nyasi ila zinawamaliza wengine, na mabaki kidogo kwenye mpira wa bomba yanatosha. Alilaumu chai. Safari hii, maskini, chai ilionewa.

Kuna kichekesho ambacho siwezi kukiacha. Nyasi zinazopambwa huko ng'ambo kwa gharama hizi, nyingi ni za kwetu. Ukoka, huu ambao mkulima anaung'oa shambani huku analaani, kwa sababu ukiacha kifundo kimoja unaota upya, Wamarekani wanauita kwa jina la kisiwa cha Bermuda na kuupanda kwenye viwanja vya gofu. Nyasi za Kikuyu, zenye jina la watu wa nyanda za juu za Kenya, zimefika Australia na California, na huko wengine wanazipanda, wengine wanazipiga vita. Mimea hii imekulia kwenye njia za ng'ombe, ikala kinyesi kilichokauka juani, ikakanyagwa na kwato, ikakaa miezi bila mvua. Kuipikia chai yenye pampu kunanikumbusha mtu aliyemnunulia mbuzi wake sahani.

Kama mtu ana fedha kidogo za kutumia kwenye bustani yake mwaka huu, ushauri wangu ni azigawe hivi. Kwanza anoe kisu cha mashine na kupandisha magurudumu, nyasi zibaki ndefu kidogo. Anunue uma wa chuma usiopinda. Wa bei rahisi meno yake yanakunjika kwenye udongo wa kwetu siku ya kwanza. Aanze lundo la mboji nyuma ya nyumba, majani makavu na mabichi, aligeuze mpaka lipate joto, na asitie samadi mbichi kama kuna watoto. Mara moja kwa mwaka, mvua zikianza, atoboe na kutandaza. Maji ayamwage kwa nadra na kwa wingi, alfajiri. Kama baada ya hayo yote bado anatamani kupika chai, apike, mradi asitie molasi na asiitupe soksi.

Na malipo ya mtunza bustani yapande, maana kutoboa mita 100 za mraba kwa uma ni kazi ya siku nzima na mgongo unajua. Chai ilipendwa na wenye nyumba kwa sababu hiyo pia: unaweza kuimwaga mwenyewe umevaa kandambili. Uma haukubali kandambili. Mzee alipomaliza kipande chetu cha pili alikaa kwenye ukingo wa baraza, akavua buti, akaomba maji ya kunywa, kisha akauliza kama bado ninaihitaji ile pampu. Mjukuu wake ana samaki wawili kwenye beseni.

Nilimpa.